Mshale Uliorudishwa Kwenye Sifuri

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alifagia chumba cha kusubiria cha zahanati, akafuta mabenchi, kisha akampelekea mama yake chai. Mama yake alikuwa muuguzi, na nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya zahanati. Jina la Chiriku alipewa na wagonjwa, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ukikaa naye nusu saa, uliondoka ukijua paka wa jirani amezaa wangapi.

Lakini Jumatatu hiyo alifagia kimya.

"Leo umemeza ulimi?" mama yake aliuliza.

"Nimechoka tu, mama."

Haukuwa uchovu. Ilikuwa mizani. Ilining'inia karibu na dirisha, ya duara kama saa ya ukutani, na chini yake ilifungwa suruali ya turubai ambamo watoto wachanga walitiwa miguu ili wapimwe. Jumamosi jioni, mama alipotoka kidogo, Chiriku na rafiki yake Kibonge walibishana nani mzito. Kibonge mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufagio. Wakaishika suruali ile kwa mikono, wakabembea kwa zamu, wakicheka mpaka machozi. Ghafla kitu ndani ya mizani kikalia kwaa! Walipoachia, mshale haukurudi kwenye sifuri.

"Tumekwisha," Kibonge alinong'ona.

Chiriku alikuwa amemwona mama yake mara nyingi akizungusha skrubu ndogo juu ya mizani. Akapanda kiti, akaizungusha mpaka mshale ukakaa kwenye sifuri.

"Umeona? Imepona. Na wewe, kimya!"

Sasa mama aliutazama mshale, akaona sifuri, akaridhika. Watoto wawili wa kwanza walikuja kupimwa ukuaji tu. Wote wawili walikuwa wameongezeka sana.

"Hongera, mama! Huyu anakula mpaka sahani," muuguzi alitania, na mzazi akacheka kwa furaha. Kwenye benchi, Chiriku hakuweza kucheka.

Kisha akaingia mama yake Kibonge, fundi cherehani, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola. Alikuwa amembeba mwanawe wa mwisho. Nyuma yake alikuja Kibonge na mfuko wa nepi. Mtoto alikuwa wa moto, anahema mbiombio, hata kulia hana nguvu.

"Dada, huyu hajanyonya tangu jana," fundi alisema.

Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akamtia kwenye mizani. "Kilo saba na robo." Akafungua kadi, akakunja uso. "Mwezi uliopita alikuwa sita. Mtoto mgonjwa, hanyonyi, anaongezeka?"

"Labda ni mwili wa baba yake," fundi alijaribu kutabasamu.

"Haya. Tumchome sindano upesi. Dawa hii hupimwa kwa kilo. Ikipungua haimtibu, ikizidi inamwumiza figo na masikio." Akachukua bomba la sindano.

Chiriku alimtazama Kibonge. Kibonge alikuwa anamtazama mdogo wake, machozi yakimlengalenga, midomo ameibana kama alivyoagizwa. Hapo Chiriku akashindwa kuvumilia.

"Mama, usimchome! Mizani ni mbovu. Tulibembea. Nikairudisha kwenye sifuri mimi mwenyewe."

Muuguzi aliweka bomba chini polepole. Hakugomba. Alikwenda nyumbani, akarudi na pakiti ya unga ya kilo mbili ambayo haijafunguliwa, akaitia kwenye suruali. Mshale ukapanda mpaka mbili na nusu.

"Chukua shuka mbili zinazolingana," alimwambia Chiriku. "Twende dukani."

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa na mizani ya sahani mbili, na mawe yake yalikuwa yamegongwa muhuri wa mkaguzi.

"Muuguzi, leo tunauza watoto kwa kilo?" alitania. Alipomwona mtoto vizuri, utani ukamwisha. Akaitupa shuka moja upande wa mawe, nyingine akaitandika chini ya mtoto. Akaweka jiwe la kilo tano, la nusu kilo, la gramu mia mbili, mwisho la mia. Sahani zikalingana.

"Kilo sita kasoro gramu mia mbili," muuguzi alisema. "Amepungua. Na mimi nilikuwa nampa dawa ya mtoto mnene."

Alirudi akapiga hesabu upya, akamchoma mtoto kipimo chake. Siku ya tatu homa ikashuka, na mtoto akanyonya mpaka fundi akalalamika kuwa hapati nafasi ya kushona.

Lakini jioni ile ya Jumatatu, Chiriku na Kibonge walikwenda kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa wale wazazi wawili, na kuwaomba warudi kupimwa mizani mpya itakapoletwa. Mzazi mmoja aliwafokea. Walisimama, wakasikiliza mpaka akamaliza.

Waliporudi, muuguzi aliwaketisha kwenye benchi. "Kuharibu kitu hutokea, hata mimi nimevunja vingi. Kilichoniogopesha ni ile skrubu. Mshale ungebaki pabaya ningeuona, nisingempima mtu. Mlipouficha ubovu, mlinifanya niuamini. Dawa ni ileile, lakini kipimo kikiwa cha uongo inakuwa sumu. Mizani haina mdomo wa kusema imeumia, mwanangu. Wewe unao. Tena wewe!"

Mizani mpya ilipofika, Chiriku alipewa kazi moja zaidi. Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, aliining'iniza pakiti ya unga na kutaja kwa sauti alichokiona.

"Mbili kamili, mama!"

Na siku ambayo haikusoma mbili kamili, alilisema hilo pia, kwa sauti ileile.