Kioo cha Nyapara

Kila siku tukitoka shule, mimi na binamu yangu tulipitia nyumbani, tukabadilisha sare, tukala, kisha tukaenda stesheni. Tulitembea pamoja kwa sababu mjomba alitaka tutembee pamoja. Ingekuwa ni hiari yetu, mmoja angepita upande huu wa reli na mwingine upande ule.

Nisiwafiche, sikumpenda binamu yangu, naye hakunipenda. Nilihamia kwao mwaka ule mama alipopelekwa kufanya kazi mbali. Usiku wa kwanza tu, tulipopewa kitanda kimoja, alichora mpaka kwa kidole juu ya shuka akasema, "Usivuke hapa." Alivaa miwani, alisoma vitabu hata akiwa anapiga mswaki, na mtaa mzima ulimwita Profesa. Mimi mjomba aliniita Kimbelembele, na wala hakunionea.

Mjomba alikuwa mtunza picha za reli. Pale stesheni, chumba ambacho zamani kilipokea vifurushi kilikuwa kimejaa picha za miaka mingi iliyopita: treni za makaa, mabehewa ya mbao, wanaume wamebeba mataruma ya kulazia reli mabegani. Nyingine zilikuwa kwenye vioo vidogo, kila kioo ndani ya bahasha yake. Ukikilaza kioo juu ya meza yenye taa kwa chini, picha inawaka mbele ya macho yako. Nyingine zilikuwa za kadi ngumu, picha mbili zinazofanana zimebandikwa bega kwa bega. Hizo zilijaa makasha manne, hazina maneno yoyote, ila namba tu mgongoni.

Kazi ya Profesa ilikuwa kuvaa glavu nyeupe, kupangusa vumbi kwa brashi laini na kuandika namba za bahasha kwenye rejista. Kazi yangu ilikuwa kufagia.

"Na mimi nipe brashi basi," nilimwambia Profesa siku moja.

"Wewe? Uliyevunja vikombe viwili wiki iliyopita?"

"Kimoja!"

"Cha pili ulikitupa jaani ukidhani sikuoni. Fagia, bibi wee, vumbi linakungoja."

Nilifagia kwa hasira mpaka vumbi likamwingia puani akapiga chafya mara sita. Nilifurahia kila chafya.

Mtu pekee aliyekuwa mkali kuliko mimi pale stesheni ni Mzee Filimbi. Alikuwa gadi wa treni kabla ya kustaafu, na sauti yake ilibaki ileile ya kuwafokea abiria wanaoning'inia mlangoni. Baba yake alikuwa nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, kwenye kikosi kilichojenga daraja la pili. Alikufa kwa homa kambini, miezi mitatu kabla mwanawe hajazaliwa. Mzee Filimbi hakuwahi kuiona sura yake, hata kwenye picha. Kwa miaka mingi alikuja kugonga meza ya mjomba.

"Mnatunza picha za vichwa vya treni! Picha za kuni! Baba yangu yuko wapi?"

"Mzee wangu, natafuta."

"Unatafuta au unalala?"

Wapagazi waliokaa kwenye benchi la nje walimcheka. Walisema hakukuwa na nyapara wala baba, mzee alijitungia ukoo ili apate cha kujivunia. Alipopita walimwuliza, "Mzee, baba hajambo?" Naye aliwatukana mpaka wakaishiwa kicheko.

Basi Alhamisi moja mjomba akatuita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Juu ya meza ya taa palikuwa na kioo. Niliona nguzo za daraja na wanaume saba wamesimama mstari mmoja. Juu ya bahasha, kwa wino uliopauka, palikuwa na namba, kisha maneno: kikosi cha daraja la pili, wa tatu kutoka kushoto nyapara. Halafu jina lake kamili. Lilikuwa jina la baba yake Mzee Filimbi.

"Mwambieni aje Jumamosi asubuhi," mjomba alisema. "Na nyinyi sikilizeni. Kila moja ya picha hizi ilibanwa kati ya vioo viwili. Hiki gundi yake imekauka, kioo cha juu kimebanduka, picha iko uchi. Upande unaong'aa ni kioo. Upande uliofifia kama ubao wa darasani ndio picha yenyewe. Kisiguswe na mtu. Mtu yeyote!"

Alisema "mtu yeyote" akinitazama mimi. Iliniuma.

Ijumaa mchana mjomba alimwita Profesa wakabebe kasha huko stoo. Nikabaki peke yangu na ufagio wangu. Nikafungua kisanduku cha mezani alimokiweka mjomba, nikakitazama kile kioo. Kilikuwa na vumbi, na alama ya kidole juu ya uso wa mtu wa tano. Nikawaza, kesho mzee atakuja aone uchafu huu? Nikikisafisha kikang'aa, mjomba atauliza nani kafanya, nami nitajibu. Profesa atakosa la kusema, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nilichovya kitambaa kwenye ndoo, nikakikamua, nikafuta. Upande uliofifia. Si ndio ulioonekana mchafu?

Wanaume wote saba walikuja na kitambaa. Sikusugua kwa nguvu, naapa, lakini picha ilivurugika kama masizi yaliyoloa, na chini yake kikabaki kioo kitupu na ukingo mmoja wa daraja. Nilisimama pale nimekishika. Kisha nikasikia hatua za mjomba kwenye kokoto za nje.

Nilikitia kioo ndani ya bahasha yake, nikakisukuma nyuma ya kabati, nikashika ufagio. Walipoingia nilikuwa nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Jumamosi Mzee Filimbi alikuja amevaa koti lake la ugadi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Hakuketi.

"Haya," alisema. "Nionyesheni."

Mjomba alifungua kisanduku cha mezani. Akakifunga. Akakifungua tena. Akatafuta chini ya meza, ndani ya rejista, kwenye droo. Jasho likaanza kumtoka.

"Profesa! Kioo kiko wapi?"

"Sijakigusa, baba."

"Wewe ndiye mwenye glavu! Wewe ndiye unayevifungua na kuvifunga! Namba yake uliiandika?"

"Bado. Nilikuwa sijafika kwenye kisanduku hicho."

"Hukuandika!" Mjomba alipiga meza, brashi ikaruka. "Vioo vyote hivi nitakumbukaje namba moja? Ningekuwa na namba ningetafuta kadi yake! Mpiga picha wa reli wa zamani hizo alitoa kila picha mara mbili, kioo na kadi, kwa namba ileile. Bila namba nitafute nini? Kadi za daraja ni mamia, na wanaume waliosimama mstari ni maelfu! Vua glavu. Vua! Chumba hiki usikanyage tena."

Profesa alivua glavu moja, kisha ya pili, akazilaza mezani. Hakulia. Aligeuka akanitazama, halafu akakitazama kitambaa changu kilichokaukia ukingoni mwa ndoo, cheusi kama cha fundi baiskeli. Alijua. Nilijua kwamba anajua. Lakini hakusema, na mimi nilimchukia zaidi kwa kutosema kwake.

Mzee Filimbi alikuwa akimtazama mjomba tu.

"Mmenichezea," alisema polepole. "Nimepiga pasi koti hili tangu alfajiri. Kumbe mmekaa humu na watoto wenu mkasema, tumfanyie mzaha yule mzee. Hakuna picha. Labda hata wale wa kwenye benchi wana haki. Sitaingia humu tena mpaka nizikwe."

"Mzee wangu, wallahi kilikuwepo..."

"Nyamaza!"

Alitoka. Kupitia dirishani tuliwasikia wapagazi: "Mzee, baba hajambo? Amekupa mkono?" Kicheko kikalipuka. Nilingoja matusi ya Mzee Filimbi. Hayakuja. Alipita mbele ya benchi kimya, mikono mfukoni, kichwa chini.

Kimya kile sikukiweza. Angetukana ningevumilia. Nilipiga magoti, nikachomeka mkono nyuma ya kabati mpaka ukachubuka, nikavuta bahasha, nikatoka mbio.

"Babu! Babu, simama!"

Aligeuka. Wapagazi nao wakageuka. Sasa kila mtu alikuwa ananitazama.

"Kioo kilikuwepo. Ni mimi. Nilikifuta kwa maji, picha ikatoka yote. Nikakificha. Profesa hajui kitu. Mjomba hajui kitu. Baba yako alikuwepo, Babu, wa tatu kutoka kushoto, na jina lake limeandikwa hapa. Soma!"

Aliinyakua bahasha. Aliisoma, midomo ikicheza, akairudia. Kisha akatoa kioo, akakiinua kwenye jua, na jua likapita moja kwa moja likampiga machoni.

Nilidhani atanizaba kofi. Lakini Profesa alikuwa ameshafika, miwani imemwendea upande, akachungulia bahasha mkononi mwa mzee.

"Baba!" alipiga kelele. "Mia nne kumi na mbili! Namba ipo!"

Tulirudi ndani wote. Mjomba aliponipita mlangoni alisema, "Wewe na mimi bado," na sauti yake ilinitisha kuliko makelele. Alifungua kasha la pili la kadi. Mchwa walikuwa wamelila pembeni. Profesa alivaa glavu zake bila kumwomba mtu ruhusa, akaanza kuhesabu: mia nne na tisa, mia nne na kumi, kumi na moja, kumi na tatu.

"Rudia," mjomba alisema.

"Kumi na moja, kumi na tatu. Haipo."

Mzee Filimbi alicheka kicheko kibaya. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Profesa aliichukua tena kadi ya kumi na moja, akaipima kati ya vidole viwili, akakunja uso.

"Hii ni nene mno."

Alivua glavu moja, akaingiza ukucha pembeni, taratibu mno. Kadi mbili zilizokuwa zimegandana zikaachana. Ya nyuma ilikuwa mia nne kumi na mbili.

Mjomba aliipachika kwenye chombo chake cha macho mawili, kile kinachofanya picha mbili pacha ziwe kitu kimoja, na watu waliomo wakasimama kama unaweza kuwagusa. Akampa mzee. Mzee Filimbi aliweka macho yake, akahesabu kwa sauti: "Mmoja. Wawili." Hakusema watatu.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa, "Mbona kijana hivi? Huyu si sawa na mjukuu wangu kabisa?"

Stesheni nzima humwamkia yeye, kwa kuwa hakuna aliyemzidi umri. Sikuwahi kumsikia akimwamkia mtu. Lakini pale, chombo kikiwa machoni, alisema polepole:

"Shikamoo, baba."

Profesa alitazama ukutani. Mjomba alijifanya anatafuta kalamu. Mimi nililia kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

"Wewe, nyamaza, uje hapa!" Mzee Filimbi aliufuta uso wake kwa mkono wa koti. Ukali wake ulikuwa umerudi wote. "Kioo ulikiharibu kwa kutojua. Hilo ni kosa, na makosa hutokea. Mimi mwenyewe niliwahi kupuliza filimbi treni ikaondoka na dereva bado yuko chooni."

Mjomba alicheka. Mzee alimkata jicho, akaacha.

"Lakini kuficha hukuficha kwa kutojua. Kile kioo kilikuwa kimekwisha, hakitusaidii kitu. Kilichotusaidia ni bahasha, nawe uliizika nyuma ya kabati ili usigombezwe. Ungekaa kimya leo, mimi ningekufa nikiamini sina baba, na mwenzako huyu angeitwa mzembe maisha yake yote. Ukweli wako ulikuwa na namba tuliyoihitaji. Umenielewa, au nirudie?"

"Nimeelewa, Babu."

"Kosa ukilisema mapema, watu wanapata pa kuanzia kulitengeneza. Ukilificha, unawaficha na dawa yake. Sasa mwombe radhi mwenzako, si mimi."

Nilimgeukia Profesa. Ilikuwa ngumu kuliko kukimbia mbele ya wapagazi. "Nisamehe," nilisema. "Uliona kitambaa, hukunisema."

"Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe," alijibu. "Na ulichelewa sana. Bado sijakusamehe."

Mjomba alinikataza kuingia chumba kile mpaka muhula ukaisha. Nilifagia nje, kwenye kokoto, kazi isiyo na mwisho, na sikunung'unika hata siku moja. Profesa alinisamehe baadaye, kwa masharti yake, na bado tunagombana. Wapagazi hawakuuliza tena habari za baba. Jumamosi ileile Mzee Filimbi aliwaita ndani mmoja mmoja, akawashika shingo, akawawekea chombo machoni.

"Wa tatu kutoka kushoto," aliwaambia. "Mwamkieni."

Wakamwamkia.