Miduara Ubaoni, Wivu Moyoni

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu wanaonakili vyeti vyao kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuoni, mara mashine ikazima. Watu wakaguna. Kijana mmoja fundi umeme, ambaye wenzake walimwita Volti, akapenya hadi ukutani, akafungua soketi na kukaza waya uliolegea. Mashine ikanguruma tena.

"Asante, fundi," sauti ikasema nyuma yake. "Ila umenikanyaga."

Aligeuka. Msichana wa gauni la njano, nywele zimesukwa mistari myembamba, alikuwa akimtazama kwa macho ya kuchokoza. Volti akasahau hata kuomba radhi.

Alikuwa msusi katika saluni ya shangazi yake, naye alitaka uuguzi. Volti alitaka chuo cha ufundi. Vyuo viwili, lakini karatasi ya hesabu moja, kwa hiyo wakajiunga na darasa moja la jioni, juu ya duka la magodoro. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wakiitana mpenzi, na simu zao zilipata moto masikioni.

Kisha ikaja mada ya seti.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mrefu, shati limenyooka pasi, marashi yake yakitangulia mlangoni. Alichora ubaoni miduara miwili iliyopandana, akasoma swali: darasa lina wanafunzi arobaini, ishirini na sita wanacheza mpira, ishirini na watatu wanaimba kwaya, wanne hawamo kokote. Wangapi wanafanya yote mawili?

Msusi akajumlisha. "Arobaini na tisa?"

"Makubwa!" Volti akadakia. "Hao tisa wa ziada wametoka shule ya jirani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Msusi naye alicheka, lakini mdomo tu.

Tangu jioni hiyo akawa anabaki baada ya kipindi.

"Unabaki kufanya nini?" Volti aliuliza kwenye simu.

"Kusoma."

"Na nani?"

"Jamani, Volti! Na mwalimu. Ulitaka nisome na kuku?"

Utani ule haukumwingia. Akipiga simu akakuta inatumika, anapiga tena na tena. Akipita chini ya dirisha la darasa akaona vichwa viwili vimeinamia karatasi moja, anabaki pale kama nguzo, vitabu vyake mwenyewe havijafunguliwa. Marashi ya mwalimu aliyasikia hata akiwa juu ya ngazi anafunga taa za watu.

Jioni moja, mtihani ukiwa umekaribia, alimsikia msusi akicheka mle ndani, kicheko kile alichodhani ni chake peke yake. Akausukuma mlango.

"Kumbe somo lenyewe ndilo hili!"

Mwalimu akaduwaa na chaki mkononi. Msusi alikusanya karatasi zake polepole, akapita mbele ya Volti bila kumtazama. Simu zake hakuzipokea tena.

Katika chumba cha mtihani, swali la seti lilikuwemo. Volti aliitazama ile miduara miwili, akaona vichwa viwili tu. Matokeo yalipotoka, msusi alikuwa amefaulu. Yeye alikuwa ameanguka.

Alikwenda saluni asubuhi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutengeneza taa, au ulichoharibu?"

Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio akacheka. Msusi akatoka nje, akasimama ukutani, mikono ikinukia mafuta ya nywele.

"Hongera," Volti alisema. "Nisamehe. Nilikuwa nakufuata kama askari kanzu."

"Nilikuona dirishani. Unajua kwa nini nilibaki? Wewe ulinicheka mbele za watu. Yeye hakunicheka. Alinionyesha kwamba wale wa mpira na kwaya nilikuwa nawahesabu mara mbili. Kwenye arobaini toa wanne wasiomo, wanabaki thelathini na sita. Arobaini na tisa ukitoa thelathini na sita, kumi na watatu. Basi."

Volti akauliza: "Hakukutaka?"

"Alinitaka. Nikamwambia nina wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniacha nibaki?"

Alifikiri kudanganya. "Hapana."

"Angalau hilo umesema kweli." Akamtengeneza kola, kidogo tu, kama mtu ambaye bado hajaamua.

Hadi siku ya safari ya chuoni, msusi alikuwa ameamua. Jumapili zote walikaa uani kwa shangazi, msusi akimfundisha Volti seti kwa ajili ya mtihani wa marudio, bila kumcheka. Kwenye kituo cha basi Volti alimshika mkono.

"Ukirudi likizo, nije na wazazi wangu kwa shangazi?"

"Uje umefaulu, Volti. Wazazi waje nyuma yako."

Basi likaondoka. Mchana ule Volti hakufanya kazi ya maana. Alijua chuoni kuna walimu, kuna madaktari wanafunzi, kuna mashati yaliyonyooka pasi. Akaandika kwenye simu: *Umefika? Uko na nani?* Akautazama ule ujumbe. Akafuta, akaandika upya, akafuta tena, mwishowe akatuma neno moja tu: *Umefika?*

Jibu likaingia papo hapo.

*Nimefika, mpenzi. Haya, niulize na hilo ulilolifuta.*