Maneno Aliyoyameza Monique

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Monique alikuwa mdomo wa mama yake. Mama yake, Hortense, aliuza vitenge katika mtaa wa Kabalagala, na miaka minne tangu watoke kwao Bukavu, Kiganda kilikuwa bado kinamshinda. Mteja alisema, Monique akageuza kwa Kiswahili. Mteja akitukana, Monique alisema tu kwamba anaomba apunguziwe bei. Aliona hiyo ndiyo adabu, na biashara iliendelea.

Ilikuwa mwaka 1975, wakati wa utawala wa jeshi. Mjini Kampala watu walinong'ona hata walipoulizana sukari inapatikana wapi.

Familia yao ililala watu wanne katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Kwa hiyo Augustin alipoleta habari ya nyumba inayouzwa mtaa wa Kyebando, Monique alifurahi kupita kiasi. Augustin alikuwa dalali, tena mtu wa Bukavu, na mama alimwamini kwa sababu hiyo moja tu. Ugenini, anayejua jina la mtaa wenu huonekana ndugu. Alisema mwenye nyumba amehama, anataka kuuza upesi.

Jumamosi walikwenda kuiona. Vyumba vitatu, madirisha ya vioo! Lakini mezani vikombe vilikuwa bado vimepangwa, chai imekaukia ndani. Mama na Augustin walipokuwa wakikagua paa, jirani aliyekuwa akimenya ndizi alimwita Monique. Alikuwa bibi aliyezaa mapacha, na mtaa mzima ulimwita Nalongo. Alisema kwa Kiganda, bila kuinua uso:

"Mwenye nyumba hakuhama. Watu wenye miwani nyeusi walimtia kwenye buti ya gari. Anayeuza ni mwanajeshi. Mwambie mama yako muondoke."

Mama alikuja akitabasamu, akauliza bibi amesema nini. Augustin alikuwa nyuma yake.

"Anatukaribisha," alijibu.

Aliogopa, basi. Aliogopa Augustin akisikia atampelekea mwanajeshi habari. Na tuseme kweli, aliyataka yale madirisha.

Wiki ile, gari likipunguza mwendo barabarani, Monique alijificha nyuma ya mlango. Ijumaa, siku moja kabla ya mama kutia saini ya kuinunua nyumba, alimkuta mama akishona mapazia huku akiimba. Monique aliangua kilio na kusema yote.

Mama hakumpiga. Alifunga mlango, akamtaka ayarudie maneno ya bibi kama yalivyosemwa.

Kesho yake alimwambia Augustin kwamba atatia saini, ila kwanza wafuate desturi ya Waganda: wauzunguke mpaka wa kiwanja pamoja na majirani na mkuu wa kijiji, wote waseme nyumba ni ya nani na wawe mashahidi. Jasho lilimtoka dalali.

"Mama Monique, usiniombe hilo," alisema. "Niliambiwa nitafute mgeni, asiyejua mtu na asiyeuliza kitu."

"Ukatuchagua sisi, watu wa kwenu."

Augustin aliinamisha kichwa. Mama alimtuma amwambie mwanajeshi kwamba mgeni haitaki tena nyumba.

Siku nane mama hakufungua duka. Kila aliyebisha hodi aliwatia hofu. Siku ya tisa Augustin alileta habari kwamba mwanajeshi amehamishiwa mpakani, na hakuna aliyeuliza habari zao.

Jumapili, mama na Monique walikwenda kumshukuru Nalongo. Bibi alipowaona alichungulia barabarani nyuma yao. Alisema mengi, na Monique akatafsiri:

"Anasema, nilipokuona bado unatabasamu, nilijua mtoto hakukwambia. Nikadhani atanichongea kwa wanajeshi. Nimewaficha wajukuu wangu kule Ggaba. Tangu siku ile nalingoja lile gari lije kunichukua mimi."

Safari hii Monique hakuacha neno.

Mama alimshika bibi mkono, kisha akamtazama binti yake.

"Mwanangu, ukisimama kati ya watu wawili, maneno si yako. Bibi huyu alihatarisha shingo yake ili yanifikie, nawe ukayameza. Mpe kila mtu yaliyo yake, yote, hata yakikutisha."

Monique aliitikia. Kisha akapiga magoti mbele ya Nalongo, akamtafsiria hayo pia.