Bakuli Lililojaa

Kila alasiri, katika kijiji chao karibu na mji wa Kochkor, Begaiym alimmiminia bibi yake chai. Alimimina nusu bakuli tu, kama ilivyo desturi, ili bibi amalize, alirudishe, aongezewe, na hadithi iendelee. Kati ya bakuli la kwanza na la saba, Bibi Zuurakan alikwishampeleka kwenye malisho ya milimani ya utoto wake, kwenye moshi wa moto wa samadi na maziwa ya farasi. Majira ya baridi ya mwaka mmoja tu ndiyo hakuwahi kuyasimulia.

Jumanne bibi alirudi kutoka kupigwa picha ya kifua mjini. "Wameona vinundu kwenye mapafu," alimwambia baba. Begaiym, aliyekuwa mlangoni, hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia kwa rafiki yake Saikal.

"Vinundu? Mwenzangu, hicho ni kifua kikuu!" Saikal alisema. "Usimkaribie!"

Alasiri ile Begaiym alijaza bakuli mpaka ukingoni, asije akalazimika kurudi tena, kisha akasogea mbali.

Bibi alilitazama bila kuligusa. "Haya, mjukuu wangu. Nimeelewa." Akaanza kukunja shali zake.

"Begaiym!" baba alifoka. "Bakuli limejaa? Unamwambia mama yangu anywe aende zake?"

"Simfukuzi, Baba!" Begaiym aliangua kilio. "Naogopa vinundu!"

Bibi aliketi, akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. "Kumbe! Nikadhani nimekuchosha kwa hadithi za farasi wangu."

Akaiinua ile picha dirishani. Vidoa vyeupe vilionekana, kama punje za mchele.

"Nilikuwa na umri wako nilipougua kifua kikuu. Nilikaa hospitalini majira yote ya baridi. Hata theluji ilipoyeyuka, nilitazama dirishani farasi wakipanda malishoni bila mimi. Nilimeza dawa zote, nikapona. Palipougua, mwili ukapafunga kwa chokaa. Daktari amelinganisha na picha za zamani: hakuna kilichoongezeka wala kukua. Ni makovu tu, kama lile kovu la goti lako."

"Hayaambukizi?"

"Goti lako limemwambukiza nani?"

Begaiym alicheka huku kamasi zikimtoka.

"Kosa si lako peke yako," baba alisema taratibu. "Sisi wakubwa tulinyamaza. Lakini ukisikia jambo la ugonjwa, uliza mwenye kujua. Na hata mgonjwa wa kweli hutibiwa, hafukuzwi. Chai tunamimina nusu, mwanangu; habari tunamimina yote."

Begaiym aliimwaga ile chai iliyopoa. Akamimina nusu bakuli, akaketi akimgusa bibi bega.

"Sasa nisimulie ya dirishani."