Siku Arobaini za Kibali cha Limbani

"Kibali chako cha kuishi nchini kinaisha lini?"

Mzee Bernadi aliuliza hivyo wageni wakiwa hawajamaliza hata chai. Binti yake Gaudiosa, aliyekuwa amebeba sahani ya viazi vitamu, aliganda mlangoni.

Limbani alikuwa Mmalawi wa Nkhata Bay, fundi wa mashine za kumenya kahawa, mwaka wa pili sasa akifanya kazi Mbinga kwenye mradi wa shirika moja la kigeni. Siku hiyo alikuja kijijini Ruanda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, na shati jipya, na mshenga pembeni.

"Tarehe thelathini mwezi ujao, mzee."

"Na leo tarehe ngapi?"

"Ishirini."

"Siku arobaini." Mzee aliweka kikombe chini. "Mradi wenu unafungwa, kibali kinakufa, na wewe ndiyo umekumbuka kuoa. Kijana, umefuata binti yangu au umefuata karatasi?"

Mshenga akakohoa. Kikao kikafia hapo.

Nje, Gaudiosa alimfuata Limbani katikati ya mibuni.

"Ulijua tangu lini kwamba mradi unafungwa?"

"Tangu Februari."

"Februari! Na pete umenivalisha Machi! Unajua nimejisikiaje mle ndani? Kama muhuri wa ofisini!"

"Gau, niliogopa. Nilitaka unikubali bila kuhesabu siku."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu, Limbani. Kuhesabu ndiyo kazi yangu."

Siku tatu Gaudiosa hakupokea simu zake. Usiku hakulala vizuri, mchana alikuwa mkali darasani mpaka wanafunzi wakashangaa. Siku ya nne ukaingia ujumbe:

"Kesho saa nne niko steshenari kwa Jacqueline, Mbinga mjini. Napitia njia zote za kubaki. Njoo usikie kwa masikio yako, halafu uamue."

Alikwenda. Alikwenda amenuna, lakini amevaa lile gauni la bluu ambalo Limbani alilipenda.

Jacqueline, rafiki yake tangu sekondari, aliishi kwa kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Aliwageuzia kioo cha kompyuta.

"Tuanze. Viza ya kutembelea: unaweza kuomba uongezewe muda, ila kazi marufuku. Utakaa unaangalia mashine zinaharibika."

"Siwezi," alisema Limbani.

"Kibali cha mwekezaji. Una mtaji?"

"Nina spana."

Jacqueline alicheka. Gaudiosa akang'ata mdomo asicheke.

"Tatu, mwajiri mpya akuombee kibali cha kazi na cha ukaazi. Nne, mke." Akamtupia jicho Gaudiosa. "Mnaoana bomani mapema, unaomba hati ya mtegemezi kupitia kwake. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote."

"Hiyo ifute."

Gaudiosa alisimama. "Unanifuta mimi?"

"Naifuta njia, Gau, sikufuti wewe. Nikiingia kwenu kwa mlango huo, kila tukigombana utajiuliza kama nilikupenda au nilipenda kubaki. Baba yako naye atajiuliza mpaka azeeke. Jacqueline, andika ya tatu. Chama cha ushirika cha kahawa wananitaka, sema bodi haijakaa."

"Ina mlolongo hiyo. Waeleze kwa nini wanakutaka wewe na si mwingine. Na muda ukiisha kabla ya jibu, unatoka, unasubiri kwenu."

"Nitasubiri kwetu."

"Na wakikukatalia?" Gaudiosa aliuliza, sauti imeshuka.

"Nitakuja kama mtalii nikuone, nirudi, nije tena. Mpaka wale maofisa wa mpakani wachoke na sura yangu."

Gaudiosa alijitahidi kuendelea kununa, ikashindikana. Alicheka, kisha akalia, kisha akaomba maji.

Jioni alimsimulia baba yake yote.

"Amekataa mwenyewe?" mzee aliuliza.

"Mbele yangu, baba. Na mimi nikiwa tayari."

"Mjinga huyo," alisema Mzee Bernadi, lakini uso ulikuwa umefunguka. Wiki iliyofuata, kwenye bodi ya chama cha ushirika, yeye mjumbe wa siku nyingi ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza Limbani aajiriwe.

Tarehe thelathini ilifika, jibu halijafika. Limbani akavuka ziwa kutoka Mbamba Bay, akarudi kwao.

Juni, Gaudiosa aliandika: "Huko vipi?"

"Ziwa ni lilelile, ila upande huu halina wewe."

Julai maombi yalirudishwa, cheti chake cha ufundi kilikosa uthibitisho. Limbani alisafiri siku mbili kwa basi hadi chuoni alikosoma, akaupata, akautuma. Gaudiosa siku hizo alikuwa hali, anachezea ugali tu.

Agosti, katikati ya kipindi, simu ikatetemeka mezani.

"Gau! Kimetoka! Miaka miwili!" Jacqueline alipiga kelele.

Gaudiosa naye akapiga kelele, kidato cha pili kizima wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Hesabu ikabaki ubaoni nusu.

Jumamosi alikuwa Mbamba Bay na baba yake. Limbani alishuka kwenye boti akiwa amemshika mkono mama yake, mama mnene wa Kianglikana mwenye kofia nyeupe. Ofisa wa uhamiaji aligonga muhuri, akamrudishia Limbani pasi yake ya kusafiria.

Gaudiosa alimsimamisha palepale.

"Kazi unayo. Kibali unacho. Hakuna anayekufukuza, na mimi hunihitaji kwa lolote. Haya, sema."

Watu wa boti wakatua mizigo wasikilize.

"Nakuhitaji kwa chai ya asubuhi. Nakuhitaji nikiumwa, na nikiwa mzima nakuhitaji zaidi. Gaudiosa, nikuoe?"

Gaudiosa alimwangalia. Miezi mitatu ilikuwa imemkondesha, shati limepwaya mabegani. Alinyoosha mkono, akamweka sawa kola.

"Mjibu, mwanangu!" Mzee Bernadi alifoka. "Mkwe wangu amesimama juani!"

"Ndiyo," alisema Gaudiosa. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Mama wa Nkhata Bay hakuelewa Kiswahili chote, lakini neno hilo alilielewa. Vigelegele vyake vilisikika mpaka sokoni.