Mbegu Zilizokaangwa

Akiba haiozi, husema wahenga. Ni kweli, ya kina Wangare haikuoza. Ilikaangwa.

Jumamosi hiyo ukungu wa Molo ulikuwa bado umelalia mashamba Wangare alipoingia jikoni na maziwa. Nyumbani kwao, mwenye siku ya kuzaliwa hanywi chai kabla ya kutaja jambo analoshukuru.

"Haya, msichana wa miaka kumi na miwili," mama alisema. "Leo unashukuru nini?"

"Keki iko wapi?"

"Nimekuuliza unashukuru nini."

"Basi sina."

Mama alimsukumia kikombe, akaenda zake kwenye kibarua cha kung'oa karoti. Wangare alibaki akihesabu asivyokuwa navyo. Ubaya ni kwamba alikuwa ameshawaalika wenzake. Saa sita hao mlangoni, Lynn akiwa mbele.

"Niaje, Wangare. Hii bathdei ni ya maneno ama kuna kitu?"

Jikoni hakukuwa na kitu. Lakini stoo, chini ya nyasi kavu, kulikuwa na nusu debe ya viazi ambavyo mama alivitenga vichipue, vipandwe mvua ikianza. Wangare alilijua hilo vizuri. Hata hivyo aliyavunja machipukizi kwa kidole gumba, akamenya, akakaanga chipsi.

"Ziko na uchungu kidogo," Lynn alisema, akichukua nyingine.

"Si uache basi?"

"Niache za bure?"

Jioni mama aliinua nyasi stoo. Viazi havikuwepo.

"Labda ni fuko," Wangare alisema, akitazama pembeni.

"Ni fuko, amevizika chini huko." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Makosa ni yangu. Ningeviweka juu ya mbao. Sasa tutapanda nini?"

Alipiga magoti, akaanza kupapasa udongo kwa mikono iliyopasukapasuka, akitafuta shimo la fuko.

"Mama, inuka," alisema huku machozi yakimtoka. "Fuko ni mimi."

Mama hakumpiga. Aliinuka, akajipangusa udongo magotini, akazirudisha nyasi mahali pake.

Kesho yake walikwenda kwa jirani yao, Mzee Kimeli, na Wangare mwenyewe akaeleza yote. Mzee alicheka kwanza.

"Kumbe siku hizi fuko wanakula chipsi," alisema. Kisha akakubali kuwapa mbegu, naye Wangare ampalilie kabichi kila Jumamosi hadi shule zifungwe.

Njiani mama alisema, "Ulihesabu keki ambayo haikuwepo, ukakaanga shamba lililokuwepo. Asiyejua alicho nacho hukiharibu kwa mkono wake mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Walitembea kidogo. "Lakini hata wewe, mama," Wangare akanong'ona, "ungeniomba tu msamaha kwa kutoninunulia keki."

"Siwezi," mama alijibu, akiuhamishia mzigo wa mbegu bega la pili. "Nilikuamsha ukiwa mzima, nikakupa chai ya maziwa. Keki sikununua, na msamaha siombi."