Chumvi ya Samaki wa Kabula

Kila siku akitoka shule, Kabula hupitia kwanza dukani kwa baba yake, mtaa wa Somanda, mjini Bariadi. Hufagia, hupanga chupa za dawa za mifugo, kisha hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufanya kazi zake za shule. Duka la mzee Luhaga lina harufu ya dawa ya kupe na pumba, na harufu hiyo hung'ang'ania sare. Wenzake humtania kwamba yeye ndiye ndama wa darasa la sita.

Utani huo haukumsumbua. Kilichomsumbua ni harufu nyingine. Kabula alizaliwa Lindi, ambako wazazi wake, kama Wasukuma wengine wengi, walihamia na ng'ombe wao kutafuta malisho. Bahari ilipokupwa, mama yake, Nyanjige, alikuwa akimchukua kwenda mwambani kuokota makombe na kutazama samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Babu alipougua, familia ilirudi Bariadi. Siku moja Kabula alijaribu kuikumbuka harufu ya ule mwamba, asiipate kabisa. Aliogopa. Alihisi bahari yote inamtoka kichwani kidogo kidogo.

Aliyemwelewa alikuwa jirani yao Hashimu, fundi wa vioo, mwenyeji wa Lindi. Wawili hao wakianza habari za Lindi, wateja walisubiri mpaka wakakohoa. Hashimu aliunganisha vioo kwa gundi, akatengeneza tangi zuri, akaahidi kwamba akienda Dar es Salaam kufuata mzigo wake atanunua vifaa vya kufugia samaki wa baharini. Ila katika basi angeweza kubeba katoni moja tu, na vya kuweka humo alitaka achague Kabula mwenyewe.

Alimpigia simu akiwa dukani huko. Kichujio, pampu ya kuzungusha maji, pampu ndogo ya hewa, kipimajoto, kipima chumvi na mfuko wa mchanga viliingia bila ubishi. Ikabaki nafasi ya kitu kimoja kikubwa: ama ndoo ya chumvi maalumu ya bahari, ama taa ya buluu pamoja na sanduku la hazina la plastiki, linalofunguka na kutoa mapovu. Hashimu alikuwa ametuma picha ya lile sanduku. Kabula alipoiona tu, alilitaka.

"Sasa chumvi, mwanangu," Hashimu aliuliza. "Huko ipo?"

"Ipo, mjomba."

Na chumvi kweli ilikuwepo, gunia zima la chumvi ya ng'ombe kwenye kona ya duka la baba yake. Chumvi ni chumvi, alijiambia. Mtu akishakitamani kitu, akili yake huwa hodari sana wa kumtafutia sababu.

Katoni ilipofika, Kabula alichota chumvi kwenye gunia lile la dukani bila kumwambia mtu, akakoroga mpaka kipimo kikasoma sawasawa. Hashimu alikuja, akatazama kipimo, akaridhika. Alisema maji yazunguke mwezi mzima, kisha ataleta samaki katika safari yake nyingine. Ulikuwa mwezi mtamu. Jioni taa ya buluu ilipowashwa, Nyanjige aliacha mboga jikoni akaja kusimama mlangoni, naye na binti yake wakakumbushana majina ya majirani wa Lindi. Hata hivyo maji yale hayakunukia bahari, na Kabula hakutaka kujiuliza kwa nini.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo Hashimu alikuwa njiani na samaki, mfugaji mmoja aitwaye Ngassa aliingia dukani. "Mwangaluka," alisalimu, kisha akaomba chumvi kwa ajili ya kondoo wake. Luhaga alikataa kumuuzia.

"Hiyo ya ng'ombe ina shaba ndani yake," alimwambia. "Ng'ombe inamjenga, kondoo inamuua."

Ufagio ulisimama mkononi mwa Kabula. Ikiwa inamuua kondoo mzima, itamfanya nini samaki wa ukubwa wa kidole? Alitaka kusema palepale, lakini aibu ikamfunga mdomo. Mchana kutwa alijidanganya kwamba huenda samaki yuko upande wa ng'ombe.

Jioni Hashimu aliingia nyumbani kwao amejaa vumbi, amechoka, anatabasamu kama mtoto. Alikuwa amebeba mfuko uliojazwa hewa, na ndani yake samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Mkono mwingine ulishika dumu la maji ya bahari, aliyopewa ili ambadilishie samaki njiani. Aliuweka ule mfuko uelee juu ya maji ya tangi, akauacha muda kidogo ili joto lilingane, kisha akaomba mkasi.

"Mjomba, usimtie humo," Kabula alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo si chumvi ya bahari. Ni ya ng'ombe. Nilikwambia ipo ili taa na sanduku vipate nafasi."

Luhaga alishika kichwa. Hashimu aliuweka mkasi mezani, akaomba beseni safi, akafungua dumu na kumimina. Harufu ikapanda ghafla: mwamba uliolowa, makombe, asubuhi za Lindi. Nyanjige alifumba macho. Kabula alilia kwa aibu, na alilia pia kwa sababu harufu aliyoitafuta muda wote imemrudia siku aliyostahili kufukuzwa.

Samaki alilala kwenye beseni na pampu ya hewa. Taa na sanduku vilinunuliwa na mwenye mgahawa mmoja wa mtaani, na fedha zake zikanunua chumvi ya bahari iliyopakiwa Dar es Salaam kwenye basi la kesho yake. Kabula alimwaga maji yote, akatupa mchanga na sponji ya kichujio, akasugua kioo mpaka vidole vikachubuka. Kwa kuwa tangi lilianza upya likiwa na samaki ndani, bila ule mwezi wa kusubiri maji yawe tayari, kila siku ilibidi abadilishe sehemu ya maji.

Wiki hiyo Hashimu alikuja kumtazama samaki, ambaye sasa alikuwa anakula vizuri. Ndipo alipolizungumzia jambo lile.

"Kukosea chumvi si kosa kubwa, hata mimi sikujua habari ya shaba. Asiyejua hufundishwa. Lakini mwanangu, nimempakata samaki huyu njia nzima kwa kutegemea neno lako moja. Kipimo kile kinapima wingi wa chumvi tu. Ukweli wa mtu hakiupimi, huo tunautegemea kwako. Ukiniambia ipo, iwe ipo. Ukiniambia haipo, tutaitafuta pamoja."

"Nimekuelewa, mjomba. Nisamehe."

Hashimu aliinama akatazama tangi. "Haya, maji ya leo umeshabadilisha?"

Kabula alisita. Lingekuwa jambo rahisi sana kusema ndiyo.

"Bado," alisema.

"Basi lete ndoo," Hashimu akajibu, akianza kukunja mikono ya shati lake.